Hakuna Jino la Uongo

Mjini Arua, watu wakikutana na Daktari Mariam Poni njiani, hufunika midomo kwanza, ndipo wamsalimie. Kliniki yake iko upande wa kushukia mtaa wa Oli. Akimtibu mama leo, kesho ataletewa ukoo mzima: babu mwenye gego bovu, binti anayetoa meno ya utoto, na mjomba anayeapa haumwi huku shavu limevimba kama andazi.

Kwa wakwe zake, kijijini Lobule, udaktari huo hauna uzito. Kule yeye ni Mama Akram, mke wa Jale, na mama mkwe akimtaka mjukuu wa miezi saba akae naye siku chache, mkwe hakatai. Alimpeleka Jumapili.

Jumatano, mgonjwa akiwa kitini, simu ikalia. Alikuwa Bi Hawah, mama mkwe wake.

"Mama Akram, mtoto iko anaharisha tangu jana. Mwili moto. Lakini usiogope, ugonjwa tumeona. Iko na meno ya uongo. Mzee Natale anakuja kutoa."

"Mama, nakuomba, mtu asimguse. Nakuja."

"Wewe daktari ya meno ya watu wakubwa. Hii haiko kwa kitabu yako."

Simu ikakatika.

Niseme wazi, maana watoto wanakufa huku sisi tukiona haya kusema: hakuna jino la uongo. Kuna chonge changa zinazojaza ufizi kabla ya kuota, na kuna wazee wanaozichimba kwa spoki ya baiskeli wakati kuhara kunazidi kumkausha mtoto. Mariam amewatibu wengi waliochimbwa hivyo. Wengine hawakuwahi kufika kwake.

Alimaliza kuziba jino la mgonjwa, akawaomba radhi waliokuwa wakingoja, akapanda gari hadi Koboko, kisha boda hadi Lobule.

Aliwakuta wanawake wamejaa uani. Mzee Natale alikuwa ananawa mikono, spoki imelazwa juu ya kopo. Akram alikuwa amelegea mapajani mwa bibi yake, macho yamezama. Mariam alitamani kupiga kelele. Badala yake akapiga magoti, akamsalimia mama mkwe, kisha akamshika kidole na kukipeleka kinywani mwa mtoto.

"Mama, gusa hapa. Imevimba?"

"Imevimba. Si nimesema?"

"Sasa gusa huyu."

Alimwonyesha mtoto wa Jalia, jirani yao. Mtoto huyo alikuwa mnene, anacheka, anatafuna pindo la kitenge cha mama yake. Bi Hawah akampitishia kidole kwenye ufizi, akakirudisha tena polepole.

"Hata hii imevimba, sawasawa na ya Akram," akasema.

Mzee Natale akasogea, akachungulia. "Eh! Hata huyu iko nayo! Lete, nianze na yeye."

Jalia akamnyakua mwanawe. "Nani? Huyu wangu? Huyu ananyonya kama ndama, ananipiga mateke usiku wote! Anza na yako, mzee, kama bado iko!"

Wanawake wakaangua kicheko, kwa kuwa mbele mzee alibakiwa na jino moja tu.

Bi Hawah hakucheka. Alimtazama mtoto wa Jalia, akamtazama mjukuu wake, kisha akamweka Akram mikononi mwa mama yake.

"Mzee, rudisha chuma yako," akasema. "Mtoto mzima na mtoto mgonjwa haiwezi kuwa na ugonjwa moja."

Wakakimbia naye kituo cha afya. Muuguzi, Stella Kiden, akakoroga dawa ya kurudisha maji mwilini. Mariam alinywesha kijiko kwa kijiko, Bi Hawah akashika kikombe. Mtoto alitapika, wakaanza upya. Jua lilikuwa limeshainama pale bibi aliporuka kitini, kitenge kimelowa.

"Amekojoa! Mama Akram, amenikojolea!"

"Basi maji yanakaa mwilini," Stella akasema. "Atapona huyu."

Mariam akakaa palepale sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akram akageuza kichwa, akaanza kutafuta ziwa.