Shamba Letu Ndani ya Televisheni

Televisheni ya kwanza kuingia nyumbani kwangu Daraja Mbili niliinunua mwenyewe, wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilipokuwa nauza mitumba. Kabla ya hapo tulikuwa na redio ya betri na masikio ya majirani. Televisheni hiyo ilikuwa nene nyuma kama ng'ombe mwenye mimba, na ukitaka kubadili kituo unainuka. Vituo vyenyewe havikuwa vingi, kwa hiyo hatukuinuka sana. Nayasema haya ili ijulikane kwamba televisheni sikuletewa na watoto. Nilikuwa naiendesha binti yangu hajajua hata kufunga kamba za viatu.

Basi huyo binti amekua, anafanya kazi kwenye ofisi ya kupeleka watalii mbugani. Aliponiletea televisheni bapa ya kutundika ukutani na kuniambia, "Mama, hii inaweza kuingia mtandaoni," sikupiga vigelegele. Nilimuuliza inaingiaje. Hakujua vizuri. Tulijifunza kwa kukosea.

Kwanza alichomeka waya kutoka kwenye kompyuta yake ya kukunja. Kilichokuwa kwenye kompyuta kikatokea ukutani, kikubwa. Ila waya ulikuwa mfupi, kompyuta ikakaa juu ya stuli katikati ya sebule, na kila anayekwenda jikoni sharti aruke. Mama mmoja wa kwaya hakuruka. Siku hiyo tuliokota stuli, kompyuta na mama wa kwaya.

Akaacha waya, akaanza kurusha picha kutoka kwenye simu yake ya kupangusa. Hiyo ilikuwa safi, haina kamba miguuni. Lakini asubuhi akienda kazini intaneti inaondoka naye ndani ya mkoba, mimi nabaki natazama ukuta.

Mwisho akaleta kisanduku kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, kinakaa nyuma ya televisheni, na kingine cha kuwekea laini na bando. Hivyo viwili haviendi kazini. Kikaja na rimoti yake, na hiyo rimoti nikaishika mimi.

Kuandika kwa rimoti ni kazi ya mtu mwenye subira. Herufi zinatokea kwenye kioo zimetapanyika kama mahindi yaliyomwagika, wala hazifuati ule mpangilio niliofundishwa kwenye elimu ya watu wazima. Unasukuma kulia, kushoto, juu, chini, mpaka uifikie unayoitaka, halafu unabonyeza katikati. Ukipitiliza unarudi. Niliandika majina ya nyimbo za kanisani, nikaandika ugonjwa wa magoti, nikaandika namna ya kuzuia kuku asile mayai yake. Vyote vilikuja. Vingine vilikuja kwa Kiingereza, nikatazama picha.

Siku moja binti akanionyesha namna ya kuitazama dunia kutoka juu, kama anavyowaonyesha wageni wake njia ya kwenda mbugani. Alipoondoka nikaandika Kikatiti, kijijini kwa mume wangu. K mbili, i tatu, t mbili, na a moja imekaa pembeni kabisa peke yake kama mtu aliyesusa. Nikabonyeza, na barabara ya Moshi ikatokea.

Nilikuwa na sababu ya kuitafuta. Mume wangu, marehemu, na mdogo wake waligawiwa na baba yao mashamba mawili yanayolala ubavu kwa ubavu, kutoka juu upande wa mlima hadi chini karibu na barabara. Katikati wazee walipanda masale, na kwetu masale ndiyo mpaka, mtu mwenye akili hayang'oi. Kule chini masale yalikauka mwaka wa ukame na hakuna aliyepanda mengine. Pale pakavu nikapanda migomba, mashina kumi na tisa, kwa jembe langu.

Sasa shemeji, huyo mdogo wa mume wangu, akapata mnunuzi wa kipande chake cha chini, mtu wa mjini anayetaka kujenga maduka. Viwanja vya barabarani vilikuwa vimeshapanda thamani, kila mtu anauza. Mnunuzi akauliza mpaka uko wapi. Kwamba mpaka ule haukunyooka, kwamba kule chini una tumbo, wote tulikubaliana. Tumbo linaingia kwa nani, hapo ndipo tulipoacha kusalimiana vizuri. Mimi nilisema linaingia kwake, kwa hiyo mahali penye migomba ni pangu. Yeye alisema linaingia kwangu, kwa hiyo migomba yangu imesimama kwenye ardhi yake.

Nilisogeza picha taratibu. Nikaona bati la kanisa, nikaona nyumba zetu mbili, bati kwa bati, zinafanana kwa sababu ndugu hawa waliezeka mwaka mmoja. Kati yao ukateremka uzi wa kijani kilichokoza. Masale. Migomba yangu haikuwepo bado, picha ilipigwa kabla ya ukame. Na kule chini uzi ukafanya tumbo, linaelekea kushoto.

Shamba langu ni la kulia. Nilikaa kwenye kochi nikacheka peke yangu. Kisha nikampigia simu shemeji aje mjini, nina shahidi.

Alikuja Jumamosi na kofia yake ya Pasaka. Binti alikuwa kazini. Nilimpikia loshoro, mahindi na maziwa mgando vya kutosha, maana mtu unayetaka kumshinda usimshinde ana njaa.

"Shikamoo, shemeji," akasema. Hupenda kuitamka kwa kuikokota, kwa kuwa tunalingana umri na nampita kwa ndoa tu.

"Marahaba, mtoto mzuri. Kaa hapo, tazama mbele."

Akatazama. Nikamwonyesha kwa fimbo yake mwenyewe: hii barabara, hili bati lako, hili langu, huu mstari ni masale, na hili ndilo tumbo.

"Mimi naona kijani," akasema.

"Kijani gani?"

"Kijani. Kama spinachi." Akasugua macho. Nilijua ana mtoto wa jicho, ila sikujua amefika huko. "Daktari anataka kunipasua, mimi nataka nimalize kwanza habari ya shamba. Wewe unaona tumbo?"

"Naliona kama ninavyokuona wewe."

"Linaelekea kwangu?"

"Linaelekea kwako."

Akala vijiko viwili vitatu. "Basi limekwisha. Wewe mdomo mchafu unao, ila uongo sijawahi kuusikia kwako. Nitamwambia mnunuzi achukue kilichobaki."

Nilitegemea tubishane. Nilikuwa nimeandaa maneno ya saa nzima. Nikamwongezea chakula.

"Na mfereji unaonekana?" akauliza. "Nilipokuwa kijana, mimi na kaka ndio tulioutengeneza pale juu, kwenye banio. Siku tatu ndani ya maji baridi. Nitafutie banio, shemeji. Hata kama silioni, niambie tu lipo."

Ombi dogo. Nyuma ya bati la kulia palikuwa na mstari mwembamba wa kahawia ambao siku zote nilidhani ni njia ya watu. Nikaanza kupanda nao, nabonyeza juu, juu, juu. Ukapita mashambani, ukakata kona, ukaingia kwenye miti, ukaishia mtoni, palepale maji yanapobanwa kwa mawe. Haikuwa njia. Ulikuwa mfereji.

"Lipo," nikasema.

"Mawe yapo?"

"Yapo."

Akatabasamu peke yake. Mimi nikarudi chini na ule mstari, polepole, nikitumaini utahamia upande mwingine. Haukuhama. Ukapita tena nyuma ya bati la kulia. Na mfereji haujawahi kupita nyuma ya nyumba yangu. Tangu nimeolewa, maji nimechota kwake.

Nikaelewa nilichofanya. Kule nyumbani husimama barazani, mlima mgongoni, natazama barabarani, na hapo kweli shamba langu liko kulia. Televisheni yenyewe iliuweka mlima juu, kama mtu anayepanda kutoka barabarani. Kulia kwangu kukawa kushoto. Lile bati nililoliita langu lilikuwa lake, na lile tumbo lilikuwa linaingia kwangu kama alivyosema. Mashina yote kumi na tisa.

Shemeji alikuwa ameshainuka, anapapasa kofia.

Sitasema nilifikiri muda mrefu. Nilifikiri muda wa mtu kuvaa kofia. Mikungu mitatu ilikuwa karibu kukomaa, niliiona machoni mwangu vizuri kuliko ile picha.

"Kaa kwanza," nikamwambia.

"Nimekaa vya kutosha. Au unataka nikupe na ng'ombe?"

"Kaa. Tumbo linaingia kwangu."

"Si umesema linaingia kwangu?"

"Nimesema vibaya. Nimeshika bati lako nikaliita langu."

Akabaki amesimama. Akaigeukia televisheni asiyoiona, kisha akanigeukia mimi. "Nani amekuambia?"

"Mfereji wako."

Akakaa. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. "Shemeji, mimi ningekuwa nimeshafika stendi."

"Ungekuwa umeshafika."

"Na nisingejua mpaka naingia kaburini."

"Usinizidishie. Kunywa maji."

Jioni binti alirudi akauliza kama nimemshinda baba yake mdogo. Nikamweleza. Akavua viatu, akafikiri. "Lakini mama, si unasema haoni?"

"Haoni. Mimi naona," nikamwambia, akaenda kuoga.

Wiki iliyofuata shemeji akanipigia simu. Mnunuzi anakuja na kamba ya kupimia, na yeye macho yake hayawezi kushika mstari. Akataka mpaka nikauonyeshe mimi. Nikamwambia ana wanawe. Akasema wanawe hawajauona toka juu.

Nilikwenda. Nilianza pale masale yaliyobaki yanapoishia, nikatembea kama ule uzi ulivyotembea, nikakunja kuingia kwangu, hatua kwa hatua, mnunuzi nyuma yangu anachomeka vijiti. Tulipofika katikati ya migomba akasimama. Ule mkungu mkubwa ulikuwa umemgusa bega.

"Mama, una uhakika tupite hapa? Hii migomba ni ya nani?"

"Yangu," nikamwambia. "Ardhi ni ya shemeji. Chomeka kijiti."