Sukari ya Wasikilizaji

Clotilde alikuwa akifunga kilemba aende misani pale jirani alipomletea habari kwamba shangazi yake, mwenye mgahawa mtaani Kamalondo, hakuamka. Kila Jumapili baada ya misa familia nzima ilikunywa chai kwake. Tangu vita vianze sukari ilikuwa adimu, naye alificha kopo chini ya kiti, akiwagawia waliosikiliza mahubiri tu.

“Mukwe, père alihubiri nini?” alikuwa akimuuliza Rigobert, mume wa Clotilde, bingwa wa kusinzia, kijiko kikining’inia hewani.

“Upendo, tantine.”

“Kila dimanche kwako iko upendo tu! Kunywa vile vile, bila sukari.”

Watoto walicheka mpaka chai ikawatoka puani.

Kwenye misa ya maziko Rigobert alisimama mwanzo hadi mwisho asije akasinzia. Kaburini aliinama juu ya jeneza.

“Tantine, leo kweli ilikuwa upendo.”

Kisha wakamteremsha.