Pembetatu Yenye Ncha Sita

Naona haya kusimulia hili, lakini kwa kuwa mmeshaanza kunicheka kabla sijafungua mdomo, haya, kaeni. Mnamjua Tumpe, binti wa yule mzee wa kanisa wa Masoko? Nilimposa mimi. Barua ilikuwa mezani kwa baba yake, na baba yake alikuwa anakuja shuleni nilikofundisha kwenye kikao cha wazazi, basi mimi msomi wa chuo kikuu (hesabu za Fourier, zile za mawimbi ya mwanga, nilipata A, kwa kukariri kama kasuku) nikaamua nimwonyeshe mzee kwamba binti yake anaolewa na kichwa cha namna gani.

Enzi hizo bidhaa za nje zilishafurika mnadani Tukuyu, nikanunua kitochi cha leza. Nikachukua karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaitoboa kwa wembe tundu la pembetatu, dogo kuliko punje ya chumvi. Kujaribu kwanza? Wanaojaribu ni wasiojua, bwana.

Darasa likatiwa giza kwa mablanketi, nikatangaza, "Wazazi, mwanga hubeba umbo la tundu. Sasa mtaona pembetatu ukutani."

Nikapitisha mwanga wa leza kwenye tundu. Ikatokea nyota. Ncha sita, nyekundu, imetulia kabisa. Mama mmoja akasema taratibu, "Ya Daudi hiyo," na wenzake wakaanzisha wimbo wa Krismasi, mwezi wa sita.

Baba Tumpe akauliza, "Mwalimu, umetuahidi pembe tatu. Hizo nyingine zimetoka wapi?"

Mwenye akili angesema sijui. Mimi nikasema karatasi imepinda. Nikaizungusha, nyota nayo ikazunguka. Nikapanua tundu, nyota ikasinyaa. Jasho linanitoka, wimbo umeshazidi kelele za mvua iliyokuwa ikipiga bati, ndipo nikajisikia nikisema kwa sauti ya mhubiri, "Ni ishara kutoka juu."

Wimbo ukakatika.

"Kwa hiyo hujui," mzee akasema, bila hasira. "Ungesema tu."

Nilipofungua madaftari ya chuo, jibu lilikuwemo kwa mwandiko wangu mwenyewe: kila upande wa tundu hurusha mwanga mbele na nyuma yake, pande tatu mara mbili ni sita, na tundu likikua, picha hupungua. Nililinakili vizuri sana, halafu sikulielewa.

Barua ya posa ilirudi Jumatatu. Chini mzee alikuwa ameongeza mstari: "Mtu anayemsingizia Mungu kwa ajili ya karatasi ya sigara, siku akikorofishana na mwanangu atamsingizia nani?"

Siku hizi hata nikiulizwa saa naanza na sijui, ndipo naangalia mkono.