Mtu wa Ziwani Kwenye Mto wa Kinole

Mama alikuwa Mluguru wa Kinole, baba alikuwa mtu wa Ziwani, na sisi watoto tulizaliwa Mafiga, mjini Morogoro, ambako maji tuliyoyajua ni ya ndoo. Habari za kuogelea tulizipata kwa mdomo wa baba tu. Alivuka ghuba akiwa na miaka minane, alituambia, tena ameshika viatu juu visilowe. Mama alisikiliza huku anachambua mchele.

Mwaka ule kiwanda cha nguo alichofanyia baba kazi kiliuzwa kwa mtu binafsi, na wafanyakazi wakapunguzwa. Kila asubuhi baba alipiga pasi shati lake la kazi, akaenda kusimama getini na wenzake kungoja kuitwa tena. Miezi ikapita. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mjomba alishatuma ujumbe kwamba kipande cha dada yake, chenye migomba na mikarafuu, kinatungoja. Baba hakutaka kusikia.

"Niende kulishwa na ukoo wa mke wangu?"

Alikubali kwenda kusalimia tu. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua kwamba akilikataa shamba lile, ada itakosekana, mimi na shule basi.

Tulipanda mlima kwa miguu. Kabla ya kufika kijijini mama alituingiza msituni kwa kijia chembamba, akatutoa mtoni. Nimeona maji mengi tangu siku ile, na bado sijaona mazuri kama yale. Mto ulimwagika juu ya jabali, ukatanda kwenye kidimbwi kirefu cha rangi ya chai isiyokolea, kisha ukateremka hadi kwenye mchanga mweupe. Kokoto za chini zilionekana moja moja. Nilichota kwa kiganja nikanywa, meno yakauma kwa baridi.

Baba alivua shati akaliweka juu ya jabali. Alikuwa anacheka, na sikumbuki lini alikuwa amecheka kabla ya hapo.

"Ukiingia, usirudi ulipoingilia," mama alimwambia. "Jiachie, maji yatakutoa kule mchangani. Ndivyo tunavyooga hapa."

"Unamfundisha mtu wa Ziwani?"

Akapiga mbizi. Alivuka kidimbwi kwa mikono mirefu, nami nikaona fahari kuwa mwanawe. Kisha akageuka kulirudia jabali lenye shati lake. Ziwani maji hayasukumi mtu hivyo, lakini mto ukamrudisha nyuma. Akaongeza nguvu, akabaki palepale. Akaongeza tena, kichwa kikazama, kikaibuka, kikazama. Mdogo wangu akaanza kulia.

Mama alikaza kanga kifuani akaingia bila kelele. Hakupigana na maji hata kidogo. Aliyaacha yamfikishe kwa baba, akamshika mkono, akamgeuza chali, wakateremka pamoja taratibu mpaka mchangani. Ni mama yuleyule wa ndoo na ungo. Nilimpenda siku hiyo kwa namna mpya kabisa, na nilimwogopa kidogo.

Baba alikohoa hadi machozi yakamtoka.

"Mbona siku zote hukusema unajua?"

"Ningesema saa ngapi, Baba watoto, na wewe kila siku unavuka ghuba?"

Baba alicheka, akakohoa tena. Nilimletea shati lake. Aliliangalia kwa muda, lile shati la pasi, kisha akajifutia nalo kichwa na miguu yenye mchanga.

Kwa mjomba tulikaribishwa vizuri. Watoto tukatoa shikamoo zetu, mkeka ukatandikwa, chai ya mdalasini ikaletwa. Mama hakusimulia ya mtoni. Baba hakukaa. Alisimama mlangoni, nywele bado zimelowa, akamwambia mjomba, "Shemeji, kabla ya chai, naomba unionyeshe shamba la mke wangu."