Ganzi Mkononi mwa Dorsey

Dorsey Lindqvist alikuwa na kazi moja katika uwanja wa futiboli ya Kimarekani: kuinama mbele ya wenzake, kuupitisha mpira katikati ya miguu yake umfikie mrushaji, kisha kuziba njia kwa kifua na shingo. Kwa miaka mitatu aliifanya katika timu iliyofungwa na kila mtu. Chuo chao kule Nebraska kilikuwa kidogo, na watu wa mjini walikuja uwanjani kufuata soseji tu.

Mwaka wake wa mwisho upepo ukageuka. Wakashinda mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika hiyo ya tatu Dorsey aligongana na jitu moja kichwa kwa kichwa, akahisi moto ukishuka toka shingoni hadi vidoleni. Alipoinuka, mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi.

Hakumwambia mtu. Baba yake, Gunnar, tangu amzike mkewe alikuwa mtu wa trekta na ukimya. Jumamosi ya mechi hiyo ndiyo mara ya kwanza alipokuja uwanjani, na walipofika nyumbani alizungumza tangu supu hadi kahawa, akicheka, akiisimulia mechi kana kwamba mwanawe hakuwepo. Dorsey alimsikiliza, mkono kaufumbata chini ya meza. Angemnyang'anyaje mzee furaha ile?

Ushindi ukafuata ushindi. Wiki moja kabla ya fainali, Teo Sandoval, mrushaji aliyeishi naye chumba kimoja, alimwona akiangusha kikombe.

"Hicho cha tatu wiki hii."

"Mikono ina mafuta."

"Mafuta gani, wewe? Hebu nibane mkono hapa."

Dorsey akabana kwa nguvu zake zote. Teo akasubiri.

"Haya, anza."

"Nimeshaanza."

Teo akabadilika uso. "Namwambia kocha."

"Ukimwambia, mimi na wewe basi. Imebaki moja tu, ndugu yangu. Mzee wangu amefufuka. Nakuomba."

Aliomba mpaka machozi yakamtoka. Teo hakumwambia kocha, na siri hiyo ikamkosesha usingizi.

Fainali ilichezwa kwenye theluji. Kuelekea mwisho, wakiongoza kwa pointi mbili, Dorsey aliinama, akaushika mpira, asiuhisi uzito wala baridi yake. Sasa ganzi ilikuwa imeingia hata mkono wa kulia. Jukwaani Gunnar alikuwa akipunga kofia. Dorsey alitamani ardhi immeze. Kisha akasimama wima.

"Teo, siuhisi mpira."

Teo akaomba mchezo usimamishwe. Dorsey akatoka taratibu, na jukwaani mtu akapaza sauti, "Mwoga!" Nafasi yake ikajazwa. Wakatwaa ubingwa bila yeye.

Daktari aliyempasua shingo alisema pigo moja zaidi lingemlaza kitandani maisha. Mkono wa kulia ulirudi. Vidole viwili vya kushoto havikuamka tena. Gunnar alikaa kando ya kitanda, kofia magotini.

"Ilianza lini?"

"Mechi ya tatu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaongea, baba."

Mzee akajifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika.

"Ningekuja hata mngefungwa kila wiki."

Dorsey alitamani sana kumwamini.