Gari Ndefu ya Kutosha Mimi na Mkwe

Mkwe wangu hunisalimia kupitia ukuta wa jikoni. Anakuja mpaka kwa kona, pale kuku wanaoga vumbi, anakohoa kidogo, halafu anaambia matofali, "Mulembe, mama." Mimi niko ndani na mwiko mkononi. Na mimi naambia matofali, "Mulembe, baba. Watu wa Kitale wako?" Matofali inajibu ati wako. Hapo tumemaliza.

Ni heshima. Kwetu huku Bungoma, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mkono, hawaangaliani macho, hawali pamoja, na kukaa kiti moja hiyo hata usiseme. Vijana wengi wameacha, lakini huyu wangu alilelewa na nyanya yake, na hiyo heshima alidungwa kama chanjo. Mtu ni mwalimu, kifua kama mlango wa stoo. Jumamosi anapanda Mlima Elgon na baiskeli, na hema, na fimbo ya kuvua samaki, analala huko kwa baridi na wanyama. Ndovu haogopi. Anaogopa mimi.

Binti yangu, huyo bibi yake, ndiye kitinda mimba wangu. Wanaishi Kitale, lakini kazi yake iko Bungoma mjini, kwa ofisi ya serikali. Asubuhi anateremka, jioni anapanda, na mimi niko hapa Kimilili katikati, kwa hivyo habari yote inapitia kwangu. Mwaka jana wakasema wamechoka, wananunua gari. Pesa yao ilikuwa ya gari moja, tena ile imetumika. Gari ya kupeleka binti yangu kazini kila siku bila kumaliza mshahara kwa petroli, na hiyo hiyo ibebe baiskeli na hema Jumamosi.

Mimi hakuna mtu aliniuliza. Lakini nilikuwa na yangu. Huo mlima naangalia nikifungua mlango wa jikoni tangu niolewe hapa. Najua ikivaa mawingu, najua ikivua. Maji ninapikia inatoka huko. Na sijawahi kuikanyaga. Binti yangu ananionyesha picha kwa simu, mkwe ameketi juu ya jiwe, maua imesimama kando yake marefu kama watu wanangojea chakula ya harusi. Nikamwambia, "Na mimi nataka kufika."

Akacheka. "Mama, na hizo magoti?"

"Magoti itabebwa na gari. Si ndio maana mnanunua?"

Hapo akaacha kucheka, maana sote wawili tulijua iko wapi shida. Ndani ya gari ya mkwe, mama mkwe anakaa wapi?

Ya kwanza ilitoka Kitale. Binti yangu aliipenda vile anapenda viatu. Ndogo, nyekundu, mviringo kama sufuria imefunikwa. Mwenye kuuza alikuwa mzee wa Trans-Nzoia, wale watu wazazi wao walitoka upande wa Mlima Kenya, na aliileta mwenyewe mpaka Kimilili tuijaribu. Sauti yake tamu, matamshi ya kwao, kama mtu anaomba kura. "Mama, hii ngari haikunywi mafuta. Hii inanusa tu. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa kike, anaenda kanisa, anarudi. Kanisa, anarudi."

Nikamwuliza, "Huyo mwalimu kanisa yake iko Mombasa? Maana tairi imeisha meno."

"Mama, wewe ungekuwa polisi, sisi wote tungekuwa ndani," akasema, akafungua mlango.

Tukaingia. Mkwe akashika usukani, mzee kando yake, binti yangu na mimi nyuma. Nilishika kona ya mbali kabisa, nimekunja magoti mpaka kidevu, lakini sufuria kona yake ya mbali ni wapi? Shingo ya mkwe ilikuwa hapa. Ningetaka, ningemtoa uzi kwa kola. Yeye naye alisukuma mwili mbele mpaka pua ikakaribia kioo, mabega iko kwa masikio, kama mtu anaendesha ndani ya mvua ya mawe.

Halafu kuna kile kioo kidogo cha juu, cha kuangalia nyuma. Aliinua macho. Na mimi, kwa bahati mbaya, nikainua. Tukapatana huko ndani, uso kwa uso, mimi na mkwe wangu. Alishtuka kama ameshika waya wa stima. Akakamata hiyo kioo, akaigeuza ikaangalia paa, akaendelea. Kwa barabara ya Kimilili, siku ya soko, bila kujua nini iko nyuma yake.

Nyuma yake ilikuwa lori ya miwa. Ikapiga honi.

"Mwalimu, kioo," mzee akasema.

"Iko sawa."

Lori ikapiga tena, sasa ile honi ya matusi.

"Mwalimu, lundisha kioo tuone ni nini inataka kutuua."

"Nimesema iko sawa, mzee."

Binti yangu naye, "Si ugeuze tu hicho kioo, bana."

"Kuna mama huko ndani," mkwe akasema polepole, kama mtu anasema kuna nyoka.

Nilicheka mpaka kitambaa ikatoka kichwani. Mzee hakuelewa. Alikuwa ananyosha shingo kuangalia paa, anamtafuta huyo mama. Lori ikatupita, dereva akatuonyesha ngumi, mimi nikampungia mkono. Tulipomweleza, mzee akatikisa kichwa. "Sisi mama mkwe tunakunywa chai na yeye. Anamaliza mkate, anaenda." Tukamwambia asante, arudi salama na sufuria yake.

Binti yangu alinuna. Akaenda kunishtaki kwa pasta. Pasta akaja, na pasta wetu hata akiwa kwa nyumba ya mtu anaongea kama ameshika spika. "Mama-a. Sisi tumeokoka-a. Mila zisitufunge-e."

Nikamwambia, "Ni kweli kabisa, pasta. Kesho uchukue mama mkwe wako, umweke mbele kando yako, mpite naye katikati ya soko. Sisi tutafuata nyuma tukiimba."

Pasta akakohoa. Akauliza kama chai iko karibu.

Ya pili ilikuwa chaguo ya mkwe, na hiyo ilikuwa Bungoma, kwa yadi ya magari. Gari imeinuka, tairi kama mawe ya kusagia, nyuma ungeweka baiskeli na mwenye baiskeli na ng'ombe wake. Broka alikuwa kijana wa suruali ya kubana, na nyanya kwake ni shosh. "Niaje, shosh. Hii chuma ni noma. Hii inapanda Elgon ikiwa imelala."

"Basi usiiamshe," nikasema, "ngoja kwanza niishike."

Maana mimi gari naangalia kama ng'ombe. Ng'ombe ya soko, mwenye kuuza anaweza kuilambisha chumvi, inakunywa maji, ukiona tumbo unasema hii iko na mimba, kumbe ni maji ya mto imebeba. Gari nayo kama iko na kifua mbaya, wanaiwasha mapema ukikuja ikohoe kidogo tu. Nikaweka mkono kwa boneti. Moto. Na ilikuwa asubuhi.

"Mbona imepashwa?"

"Ni jua, shosh."

Tukaangalia juu, yeye na mimi na binti yangu. Mvua ikatuingia macho.

"Jua ya jana," akasema.

Huyo kijana nilimpenda sana. Lakini mlango wa hiyo gari ulianzia kwa kifua changu, na mkwe hawezi kunishika mkono anipandishe. Alisimama hapo anaangalia tairi kama imeandikwa Biblia. Binti yangu akanisukuma kutoka chini, broka akanivuta kutoka ndani, mimi katikati kama gunia ya mahindi.

"Shosh, sukuma na wewe."

"Nisukume nini, mtoto wangu? Mimi ndio mzigo."

Wakanishusha. Binti yangu akajipanguza, akavaa sauti ya ofisi, ile ya kuambia watu warudi kesho. "Na lita moja inafika wapi?"

"Sista, hiyo inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea kama unateremka."

Binti yangu akasema neno moja tu, bajeti, na mkwe akajua hiyo gari imekufa. Sasa ikawa zamu yake kununa.

Wiki zikapita. Siku moja binti yangu alipita kwangu akitoka kazini, matope mpaka magotini, hakuketi hata. Akasema, "Mama, tumeamua. Tunarudia ile ndogo. Mwalimu atafungia baiskeli nyuma na kamba. Wewe mlima tutakuletea picha."

Nikasema sawa. Ni yeye anaamka na giza, si mimi. Akaenda. Nikasonga ugali, nikaisonga mpaka ikashikana kama simiti, na hata kuku waliikataa. Mlima ilikuwa wazi hiyo jioni, haina hata wingu, imekaa hapo tu. Nikafunga mlango wa jikoni.

Jumapili ukuta ikakohoa.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, baba. Watu wa Kitale wako?"

"Wako." Nikangoja aende. Hakuenda. Halafu matofali ikasema, "Mama, kuna gari huko Saboti."

Tangu aoe mtoto wangu, hiyo ndiyo mara ya kwanza ameniambia kitu hakijapitia kwa bibi yake. Nikaweka mwiko chini.

"Ya namna gani, baba?"

"Ni ndefu," akasema, na nikasikia miguu inakimbia.

Ilikuwa stesheni wagoni, ile ya paa mpaka nyuma kabisa, ndefu kama sala ya mgeni. Rangi ya chai ya maziwa. Mwenyewe alikuwa daktari wa ng'ombe, amestaafu, na ndani ilinuka dawa ya kupe. Hakuna mtu alikuwa anaitaka. Vijana wakiiona wanasema ni gari ya mazishi. Tulienda mapema na mimi nikaenda moja kwa moja kwa boneti. Baridi kama chungu ya jana. Daktari akaiwasha, ikakohoa mara moja kama mkwe, halafu ikatulia.

Daktari anaongea polepole, kila neno analipima kwanza. "Hii. Inaenda Kitale. Inarudi. Na pensheni yangu. Bado inanunua sukari." Binti yangu akaandika hesabu kwa simu, akaangalia tena, na uso ukafunguka. Mkwe alikuwa amelala chini ya gari anatafuta kutu, miguu tu ndio inaonekana. Alipotoka akaleta baiskeli yake, alikuwa amekuja nayo, akafungua mlango wa nyuma, akaisukuma ndani. Ikalala bila kutolewa hata tairi. Akatabasamu. Kwa baiskeli, si kwangu.

Mimi nilikuwa nimesimama kando kama mgeni. Gari ilikuwa nzuri kwa kila mtu. Lakini ndani niliona viti ni vile vile, cha mbele na cha nyuma, na nyuma ya hapo ni baiskeli.

Daktari akasema, "Ngoja." Akaomba mkwe atoe baiskeli. Akainama kwa buti, akavuta kamba fulani kwa sakafu, na kiti ikainuka. Kiti kidogo, ya watu wawili, na imegeuka, inaangalia nyuma. "Watoto wangu. Walikuwa wanakaa hapa. Wanapungia watu mkono."

Nikapiga hesabu. Mgongo wangu kwa mgongo wa mkwe, na kiti nzima ya watu katikati yetu. Na kwa kile kioo cha juu angeona nini? Kitambaa tu. Nikapanda, na haikutaka kusukumwa, maana hii gari iko chini kama stuli. Nikanyosha miguu, ikanyoka.

Lakini kiti ikiwa juu, baiskeli haina mahali. Mkwe akaangalia kiti. Akaangalia baiskeli. Binti yangu akafungua mdomo, nikamkanyaga na macho. Wacha mwanaume afikirie.

Mwishowe akageukia daktari, akaongea kwa sauti kubwa kuliko mtu anaongea na daktari amesimama hapa. "Hii paa inaweza kubeba karia?"

"Inaweza."

"Basi baiskeli itapanda juu. Huko ndani kuna mwenyewe."

Jumamosi ya kwanza walinichukua hapa nyumbani, tukashika barabara ya Kapsokwony. Mimi nilipanda mlima kinyumenyume. Wao wanaona wanakoenda, mimi naona tunakotoka: mabati ya Kimilili inakuwa ndogo, miwa na mahindi ya Bungoma inajikunjua kama mkeka, watoto wanakimbia nyuma yetu na mimi nawapungia kama mheshimiwa amepita kura. Mkwe kioo yake ilikuwa imeangalia mahali kioo inaangalia. Tena akapiga mluzi. Sijawahi kumsikia akipiga mluzi.

Tulifika pale gari inafika, ndani ya msitu, karibu na maji nyembamba ungeruka na sketi. Nikaingiza mguu. Baridi ikapanda mpaka kwa meno. Binti yangu akaniambia ndiyo hii unapikia, na nikamwambia najua, nimeikumbuka.

Mkwe alivua samaki, akakaanga, akaweka yangu juu ya jiwe, akakohoa, akaenda na yake nyuma ya mti mkubwa. Baada ya muda mti ikasema, "Mama, chumvi iko?"

"Iko, baba. Hata wewe kula."

Nilidhani nimeona yote. Kumbe bado kushuka. Wao mbele walikuwa wanaangalia barabara na mashimo, na mimi kiti yangu imeelekea mlima. Yote. Nilitoka ndani yake nikiiangalia, inasimama polepole nyuma yetu, msitu chini, majabali juu, jua imeishika upande mmoja.

"Mama, umelala huko?" binti yangu akauliza.

"Nyamaza, naangalia."

Mpaka Kimilili hakuna mwingine ndani ya hiyo gari aliona huo mlima, isipokuwa mkwe, kwa kioo. Juzi ukuta iliniambia: ndani ya kioo kitambaa yangu ilikuwa hapa chini, na mlima juu yake, ati imeendana vizuri.