Uani kwa Kisiwa

Nimepanda boti ya kukodi mara moja tu maishani, na mpaka leo picha za siku ile zikitokea kwenye simu ya mtu huwa nazipita haraka. Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi, mwaka juzi. Sisi wanawake wa chama cha akiba, wengi wetu tukifanya kazi katika maofisi ya mizigo huko mjini, tulikubaliana kukizunguka kisiwa cha Mombasa kutwa nzima, tumevaa nyeupe, na kamba wa kuchoma, na madafu, na muziki. Tulipandia ng'ambo ya Kisauni, karibu na daraja la Nyali. Nahodha alipowasha mtambo, harufu ya dizeli ikanipanda puani pamoja na chumvi, na papo hapo nikawa mtoto wa Likoni tena, nimeshikwa mkono na bibi yangu, tunashuka mteremko wa feri na sufuria ya pilau imefungwa ndani ya leso yake ya kujitanda.

Niruhusu nikurudishe huko kwanza. Mambo ya boti nitayafikia, hata kama ningependa nisiyafikie.

Nililelewa na bibi, mzaa mama. Kwao ni bara, upande wa Kaloleni, na alikuja Likoni kwa ndoa, babu akiwa kibarua wa bandarini. Babu alipofariki, bibi akabaki na nyumba ya vyumba viwili, wajukuu, na karai. Asubuhi aliuza mahamri na mbaazi za nazi mlangoni. Kazi yangu mimi ilikuwa kukuna nazi. Nilikaa juu ya mbuzi nikisinzia, na bibi akiona machicha yametoka makubwa ananiuliza kama nakuna nazi au nachonga mlango. Harufu ya hiliki iliyotwangwa ilikaa kwenye nywele zangu hata shuleni. Mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa akipita karibu na dawati langu anavuta pumzi, anasema leo ametoka nyumbani bila chai, nami nikajua kesho nimletee mahamri, tena ya moto.

Bibi aliniita mke mwenzangu, kwa ule utani wa mabibi wa kwetu. Nikikosea alisema huyu mke mwenzangu mvivu, mume wetu atalala njaa. Mume wetu mwenyewe alishazikwa, lakini bibi hakuliona hilo kuwa sababu ya kuacha kumtaja.

Sikukuu zetu hazikuwa za gharama. Krismasi yenyewe ilikuwa ya kanisa na pilau. Siku ya pili yake tulikwenda kupanda feri. Hatukwenda mahali, nataka unielewe. Tulikwenda kupanda feri. Mtu wa miguu halipi, kwa hiyo siku hiyo ungewaona watoto wa Likoni wamejazana kivukoni, magauni ya jana bado yana mikunjo ya sandukuni, nywele zimesukwa mpaka macho yamevutwa, miguu inang'aa mafuta ya nazi. Unavuka, unashuka ng'ambo, unapanda mteremko wa kisiwani mpaka juu, unageuka, unashuka tena na wanaorudi. Ukichoka unakaa kidogo, unanunua kachiri za muhogo, unaanza upya. Askari wa feri alitufahamu.

"Mama, leo tena?"

"Tena, mwanangu. Hujambo? Na wa nyumbani hawajambo?"

Bibi alikuwa na mahali pake, ubavuni, upande wa nje. Tuliifungua leso pale pale tukala pilau la jana kwa mkono, sakafu ya chuma ikitetema chini ya miguu, mikokoteni ya machungwa upande mmoja na mbuzi waliofungwa upande mwingine. Sijala chakula kitamu kuliko kile. Na kila chombo kilichopita, bibi alikipungia mkono na kukisalimia kwa sauti, kikiwa na wazungu, kikiwa na makuli, hata kikiwa hakina mtu anayeonekana. Kwao mtu hapiti mbele yako ukanyamaza. Sisi wajukuu tulipunga naye mpaka mabega yakauma.

Alikuwa na desturi nyingine ya kwao. Bibi hakuingia nyumba ya mtu kwa mbele. Hata alipokwenda kumwona mke wa kasisi, alizunguka kwanza mpaka uani, akaona moto unawaka, mapipa yana maji, sufuria zimesuguliwa, ndipo akarudi mbele akapiga hodi. Sebuleni, alisema, watu wanakuonyesha wanachotaka ukione. Wewe nenda uani, ndiyo utajua kama wamekula. Wako waliomwona mchunguzi, na jirani mmoja alifikia kufunga geti la nyuma kwa mnyororo. Lakini ni bibi huyo huyo aliyekuwa akirudi nyumbani kimya, anapima unga kwenye kibakuli na kunituma niupeleke kwa fulani, nisiseme umetoka wapi.

Na kisiwa alikitazama vilevile. Tukiwa juu ya maji alikiashiria kwa kidevu, na magorofa yake, na taa zake, akasema, "Hii ni sebule. Uani kwake sijapaona." Alikuwa akivuka kwenda sokoni tangu ujana wake, lakini hiyo, alisema, ni kutembea ndani ya nyumba. Yeye alitaka kuizunguka kwa nje, mara moja tu, ajue hawa watu wa kisiwani wanaishije.

Jirani yetu aliyekuwa akiendesha winchi bandarini alimwambia haiwezekani. Pale Makupa palijazwa mawe na udongo zamani ili barabara na reli zipite kwenda bara, na chombo kikifika kinakuta ukuta. Bibi alimkasirikia kana kwamba ni yeye aliyeumwaga huo udongo. "Nyumba haizungukiki?" akauliza. "Basi wenyewe wana lao." Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake nachambua mchele. Nikamwambia nikiwa mkubwa nitaubomoa ule ukuta na nitamzungusha. Akacheka akasema sawa, lakini kwanza nimalize mchele.

Nilikua. Nikasoma, nikaajiriwa, nikaolewa, nikahamia Mtopanga. Na ukuta wa Makupa ukabomolewa kweli, ingawa si na mimi. Likajengwa daraja, maji yakaanza kupita chini yake kama zamani. Nilivuka na feri kumpelekea bibi habari mwenyewe, na mkate wa sinia mkononi. Alikuwa ameshaanza kutembea na mkongojo. "Sasa panapita, bibi," nikamwambia. "Nitakupeleka." Akasema Mungu akipenda, kisha akanitazama muda mrefu kuliko kawaida, akaenda kuchemsha chai. Nilijua ameniamini.

Sasa turudi kwenye boti.

Kila mwanachama aliruhusiwa kuja na mgeni mmoja. Hapo ndipo ninapokosa pa kuweka uso wangu. Mtu wa kwanza kunijia akilini alikuwa bibi, nami sitajisifu kwa hilo, maana wa pili kunijia alikuwa mwenyekiti wetu na miwani yake ya jua. Nikamwona bibi anapandishwa botini na sufuria yake ndani ya leso. Nikamwona anamuuliza mwenyekiti yeye ni mtoto wa nani na kwa nini amekonda. Nikamwona amesimama anazipungia meli zote za bandari ya Kilindini, wenzangu wanatazamana. Nikajiambia magoti yake hayataweza zile ngazi. Magoti yenyewe sikuyauliza.

Alipopiga simu kuulizia kama nitakwenda kwake sikukuu, nikamwambia nitakuwa kazini.

"Siku ya pili ya Krismasi?"

"Ndiyo, bibi. Meli ni nyingi."

"Pole, mke mwenzangu. Lakini ule."

Sikumchukua mgeni mwingine. Kiti cha mgeni wangu kilikaliwa na mkoba wangu.

Tuliupita Mji wa Kale, tukatoka kidogo baharini, tukageuka kuingia mlango wa Kilindini, na Likoni ikajitokeza mkono wa kushoto. Feri ilikuwa inavuka. Nahodha akapunguza mwendo kuipisha, na wenzangu wakakimbilia upande ule kupiga picha. Nilijua mahali pa kutazama. Nilijua ubavu gani, na nilijua siku hiyo ni siku gani. Lakini nikainama, nikajifanya natafuta chaja ndani ya mkoba. Nikasikia honi. Nikasikia watoto wanapiga kelele za kupunga, na mwenzangu mmoja akasema, jamani watoto hawa, wapungieni. Nikaendelea kutafuta chaja ambayo najua niliiacha nyumbani.

Kwa hiyo sijui kama alikuwepo. Pengine magoti yalimweka nyumbani mwaka ule, pengine alikuwa pale ubavuni ananipungia mimi bila kujua ni mimi. Ningeinua kichwa ningejua, na kutojua huko kunaniuma kuliko jambo lenyewe.

Baada ya hapo nilimwambia mwenyekiti bahari imenichafua roho, nikalala kwenye benchi na taulo usoni. Tuliipita bandari, nikasikia winchi. Nahodha akatangaza kwamba tunapita chini ya Makupa, akawaambia watu wainamishe vichwa. Kivuli kikanipita usoni, kukawa na ubaridi na harufu ya matope, kisha mwanga ukarudi, na watu wakapiga makofi. Sikuliondoa taulo mpaka tuliporudi daraja la Nyali. Uani kwa kisiwa nilipita nimefunikwa uso.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Likoni na unga, sukari na nia ya kusema kweli. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa, nikasema nusu yake. Nikasema siku ile kazi iliisha mapema, wenzangu wakanivuta, tukazunguka kisiwa na boti. Nilitarajia atanuna, na nilitaka anune, kwa sababu bibi akinuna unajua namna ya kumwomba msamaha. Hakununa. Aliweka ungo chini akasogeza kigoda chake karibu na changu.

"Mmezunguka? Mpaka nyuma?"

"Mpaka nyuma, bibi."

"Haya, nipe."

Akakunja mikono mapajani akangoja. Nami nikamtazama yule mzee aliyeningoja kwa miaka yote ile, na sikuwa na hata kitu kimoja cha kumpa, hata rangi ya maji. Nikaanza kutunga. Nikamwambia kuna wanawake wanafua ukingoni, na nguo za watoto zimeanikwa kwenye kamba. Nikamwambia kuna mmoja anasugua sufuria kwa mchanga na jivu, na kuku wanamzunguka. Akaniuliza kama wana kuni. Nikasema wanazo, zimepangwa vizuri. Akauliza maji. Nikasema mapipa yamejaa. Alishusha pumzi kama mtu aliyepata habari za ndugu zake.

"Basi wamekula," akasema. Halafu akauliza, "Na chombo kilijaa?"

"Kilijaa, bibi."

"Najua. Kingekuwa na nafasi ungenichukua."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi nikitafuta mwiba ndani yake. Haumo. Alilisema jinsi anavyosema mvua itanyesha, akaokota ungo wake akaendelea kupepeta.

Siku za kwenda kupanda feri zimekwisha. Siku hizi wavukaji wanasubiri wamesongamana, wanafunguliwa kwa firimbi, wanakimbia, na ukikaa ubavuni na sufuria yako utaambiwa unaziba njia. Yule askari hayupo. Jirani wa winchi tulimzika. Watoto wa Likoni siku ya pili ya Krismasi wanakwenda penye bembea za kulipia, wakipata wa kuwalipia. Haya yote yangepita bila mimi, nami nayalilia kama anavyoyalilia kila mtu wa rika langu. Lakini liko moja lililopita kwa mkono wangu.

Krismasi ya mwaka jana nilikodi boti ndogo, ya bibi peke yake. Nilitafuta nahodha mtu mzima, mpole, nikamwomba aweke kiti cha mikono na aegeshe mahali pasipo ngazi. Nilipika pilau mwenyewe, nikalifunga kwenye leso. Nikafika kwake asubuhi, nikamkuta amekaa mlangoni na jirani mpya, mama kijana aliyehamia kutoka bara na mtoto mgongoni. Nikamwambia bibi avae, chombo kinangoja, leo ni zamu yake kuona uani kwa kisiwa.

Akanitazama kwa huruma, kama ninavyotazamwa nikitoa pesa pasipo haja.

"Ya nini tena, mke mwenzangu? Si ulinionyesha? Mwambie huyo nahodha akachukue mtu ambaye hajapaona. Wewe kaa, tule hilo pilau."

Nilimsihi. Nikasema kuona kwa macho ni kingine. Akasema macho yake hata mlango wa jirani hayauoni vizuri, lakini uani kwa kisiwa anapaona, tena wazi. Akamgeukia yule mama kijana akaanza kumsimulia: wanawake wanaofua, kamba ya nguo, kuni zilizopangwa. Yule anayesugua sufuria alikuwa sasa na jina, na binti anayekaribia kuolewa. Bibi alisimulia akitabasamu, bila haraka, kama mtu anayeeleza nyumba ya dada yake. Alipofika mwisho akanigusa goti.

"Si ndivyo?"

Simu ilikuwa inalia mkobani, nahodha akiuliza tumefika wapi. Yule mama kijana alikuwa ananitazama, anangoja.

"Ndivyo, bibi," nikasema.